Je, CD Inayolia Leo Imetengenezwa?



Safari hii tunataka kuuliza swali ambalo kwa kulitazama haraka litaonekana dogo. Mtu amepeleka kwa fundi mashine yake ya CD, ile ndogo ya kubeba mkononi. Mashine inaruka-ruka. Wimbo unaanza vizuri, kisha unakatika, unarudia neno moja mara tano, halafu unaruka ubeti mzima. Fundi anaifungua, anazungusha skrubu moja ndogo sana, na mashine inalia vizuri. Mteja analipa, anashukuru, anakwenda zake. Baada ya miezi michache mashine inazimika moja kwa moja, na hakuna fundi anayeweza kuirudisha.

Je, fundi huyu alitengeneza au aliharibu? Na ikiwa mteja aliondoka na furaha, nani aliyedhulumiwa, na alidhulumiwa lini?

Kwa nini swali hili lituhusu sisi? Mute ni kijiji cha wilaya ya Palma, katika jimbo la Cabo Delgado. Vita vilivyoanzia Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 vilifika Mute mwezi Desemba 2020, na tarehe 24 Machi 2021 vikafika Palma mjini. Watu wametawanyika, wengine wamerudi, wengine wangali mbali. Mtu anayekimbia hachagui sana cha kubeba. Lakini katika vifurushi vyetu zimo CD: za kwaya, za harusi, za sherehe ya jando, nyingine zilirekodiwa ng'ambo ya Ruvuma, Mtwara. Siku hizi simu na kadi za memori zimechukua nafasi ya CD karibu kote. Hata hivyo zipo sauti ambazo hazikuwahi kuhamishwa. Ziko kwenye CD moja tu, na walioimba humo wengine wamekufa na wengine hatujui waliko. Kwa familia kama hiyo, mashine inayoruka si jambo la starehe. Ndiyo mlango pekee wa kumsikia mama aliyefariki.

Basi tuanze kwa kuielewa mashine yenyewe. Mtu hawezi kupima uaminifu wa kazi asiyoijua hata kidogo.

MASHINE INASOMAJE?

CD ilianza kuuzwa Japani mwezi Oktoba 1982, kutokana na kazi ya pamoja ya makampuni ya Philips na Sony. Mashine ya kwanza ya kubeba ilitolewa na Sony mwaka 1984. CD ni sahani ya plastiki yenye upana wa sentimita 12 na unene wa milimita 1.2. Muziki umeandikwa kwa alama ndogo mno zisizoonekana kwa macho, kwenye mstari mmoja unaozunguka kuanzia katikati kwenda ukingoni. Mstari huo ukiunyoosha unazidi kilomita 5.

Chini ya sahani kuna lenzi ndogo ambayo mafundi huiita jicho. Ndani yake hutoka mwanga wa leza usioonekana, unagonga sahani na kurudi. Mashine inasoma muziki kwa jinsi mwanga unavyorudi. Jicho limening'inizwa juu ya nyuzi laini sana ili liweze kupanda na kushuka likiufuata mstari, na lote linatembea juu ya reli kutoka katikati hadi ukingoni. Mwanga ukirudi dhaifu, au jicho likipoteza mstari, hapo ndipo wimbo unaporuka.

Waliotengeneza mfumo huu walijua kwamba CD zitachafuka. Kwa hiyo muziki umeandikwa pamoja na alama za ziada zinazoiwezesha mashine kurudisha kwa usahihi kamili kilichopotea, hata kama pengo kwenye mstari linafika karibu milimita 2.5. Pengo likizidi hapo, mashine inakisia: inatazama sauti iliyotangulia na inayofuata, inajaza katikati. Likizidi tena, haiwezi hata kukisia, na wimbo unakatika au unaruka.

Tuzingatie hapo. Kuruka ndiyo dalili ya mwisho, si ya kwanza. Kabla ya kuruka, mashine imeshasahihisha mara nyingi na imeshakisia mara nyingi bila msikilizaji kujua. Mashine inaporuka inakwambia ukweli ambao ilikuwa imeuficha.

NAMNA YA KUTAFUTA KOSA

Fundi mzuri hutafuta kosa kwa utaratibu. Huanza na lile lisilomgharimu mteja kitu, na lile ambalo akikosea anaweza kulirudisha lilivyokuwa. Utaratibu huo unaweza kuufuata hata wewe nyumbani kabla ya kwenda kwa fundi.

Kwanza, badilisha CD. Weka nyingine iliyo safi, hasa ya kiwandani. Kama hiyo inalia vizuri, huenda kosa ni la CD yako, si la mashine. CD zilizonakiliwa kwenye kompyuta hurudisha mwanga kidogo kuliko za kiwandani, na zile za kufutwa na kuandikwa upya hurudisha kidogo zaidi, hata mashine nyingi za zamani hazizisomi kabisa.

Pili, safisha CD. Tumia kitambaa laini chenye maji kidogo, ufute kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usifute kwa kuzungusha. Mkwaruzo unaokata mstari hupoteza alama chache, lakini mkwaruzo unaoufuata mstari hupoteza nyingi kwa mfululizo, na hizo ndizo mashine inazoshindwa kuzisahihisha. Tena uangalie upande wa juu, wenye maandishi. Wengi wanalinda upande wa chini tu, kumbe ule wa juu ndio dhaifu, kwa sababu utando wa madini unaorudisha mwanga uko hapo, chini ya rangi nyembamba. Mkwaruzo wa chini una milimita nzima ya plastiki ya kupita. Wa juu ukifika kwenye utando, muziki wa mahali hapo umekwenda.

Tatu, tazama umeme. Betri zikichoka, mota haizungushi sawasawa. Sisi wa pwani tunajua hewa ya chumvi: vibati vya betri hushika kutu ya kijani na umeme haupiti. Vikwangue taratibu kwa kitambaa kigumu. Ukitumia adapta, hakikisha volti ni zile zilizoandikwa kwenye mashine, na upande wa chanya na hasi ni uleule. Adapta ya kuazima imeua mashine nyingi.

Nne, iweke mashine mahali patulivu pasipotikisika. Mashine nyingi za kubeba zina memori ya kuzuia mtikisiko: zinasoma mbele ya wimbo na kuweka akiba ya sekunde kadhaa, ili jicho likipotea njia muziki uendelee huku linaitafuta. Akiba hiyo ni ya mtikisiko mfupi. Juu ya pikipiki kwenye barabara mbovu itakwisha, na hapo mashine haina kosa lolote.

Tano, kama imelala kwenye unyevu, iache wazi kivulini saa moja au mbili. Jicho lililoshika umande halisomi.

Sita, safisha jicho. Chukua kijiti chenye pamba, kichovye kidogo kwenye spiriti safi, uguse lenzi kwa wepesi kama unavyofuta jicho la mtoto mchanga. Ukikandamiza utakata zile nyuzi. Mashine iwe imezimwa na betri zimetolewa, kwa sababu mwanga wa leza hauonekani lakini unaweza kudhuru macho.

Saba, reli. Kama kila CD inaruka mahali palepale, tuseme nyimbo za mwisho tu, basi huenda grisi ya reli imekauka na kushika mchanga. Fundi ataisafisha na kupaka mpya kidogo.

Mambo saba, na hakuna hata moja linalohitaji kifaa kipya. Mashine nyingi zinazoruka hupona hapa.

SKRUBU NDOGO

Lakini nyingine hazitapona, kwa sababu leza yenyewe imezeeka. Kila saa inayowaka hupunguza nguvu yake, kama taa inayokaribia kwisha mafuta. Sasa kwenye mashine nyingi, ubavuni mwa jicho, kuna kile kiskrubu tulichokitaja mwanzo. Kinapunguza au kuongeza umeme unaokwenda kwenye leza. Ukikiongeza, leza dhaifu inawaka kwa nguvu tena na muziki unarudi papo hapo. Lakini umeme uleule unaoipa nguvu ndio unaoimaliza. Umechukua maisha yake ya mbele ukayatumia leo.

Mbaya zaidi, skrubu hii inaweza kuficha kosa lolote. Kama jicho lilikuwa chafu tu, ukiongeza umeme mwanga utapenya uchafu na wimbo utalia. Fundi mvivu hahitaji kusafisha wala kutafuta. Anazungusha, inalia, analipwa. Mashine ambayo ingeishi miaka kwa kufutwa pamba tu, sasa itakufa mapema.

Tuyasikilize maneno ya kumtetea fundi huyu, maana yapo na yana nguvu.

La kwanza: mteja alitaka wimbo, na wimbo ameupata. Hakuomba somo la leza. Ni kweli. Lakini aliyeleta mashine hakununua wimbo wa siku moja. Angetaka hivyo angeazima mashine ya jirani. Alileta kitu chake ili kibaki kuwa chake. Anapolipia matengenezo anaamini kwamba kitu kimeongezewa maisha, na fundi anajua kwamba anaamini hivyo. Kunyamaza mbele ya imani ambayo wewe mwenyewe unafaidika nayo si kunyamaza tu. Ni kusema uongo kwa mdomo uliofungwa.

La pili: asichokijua hakimuumizi. Hili tunalisikia sana. Tulijibu kwa mfano wa mbegu, kwa kuwa hapa hakuna asiyeujua. Katika njaa ya kukimbia, familia inaweza kulazimika kula mahindi iliyoyaweka kwa kupanda. Hakuna wa kuilaumu. Wamepima, wameamua, na wanajua kwamba msimu ujao watatafuta mbegu kwingine. Lakini tuseme umemkabidhi mtu ghala lako, naye akakupikia mbegu zako kila siku huku ukidhani ni chakula cha akiba. Utashiba vilevile. Utafurahi vilevile. Na mvua ikinyesha utakwenda ghalani ukute vumbi. Madhara hayakuanza siku ya mvua. Yalianza siku ya kwanza uliponyimwa nafasi ya kuamua.

Hapo ndipo ninapoliona jibu la swali letu. Kuzungusha skrubu peke yake si dhambi wala si wema. Kuna siku ambapo ni jambo sahihi kabisa. Kama leza imechoka kweli, kifaa kipya hakipatikani, na kwenye CD ile kuna sauti isiyopatikana kwingine, basi fundi aseme wazi: "Mama, jicho hili limezeeka. Naweza kulilazimisha, lakini halitakaa. Tukilazimisha, tuhamishe nyimbo zako kwenye kadi ya simu siku hiyohiyo. Unaonaje?" Mama akijibu, "Haya mwanangu, fanya," kazi ile ni ya haki hata kama mashine itakufa wiki inayofuata. Skrubu ni ileile na mkono ni uleule. Tofauti ni kwamba mwenye mali ndiye aliyeamua mali yake iishe kwa ajili ya nini.

SOKO LA WATU WANAOHAMA

La tatu ndilo gumu, na ni letu hasa. Katika kijiji kilichotulia, fundi mdanganyifu hukamatwa na wakati. Mashine ikifa, mteja anarudi. Anasema sokoni, anasema kisimani, na baada ya mwaka fundi hana kazi. Kwa hiyo hata asiyempenda jirani yake anajifunza uaminifu kwa kuogopa njaa.

Kwa watu waliohamishwa na vita ulinzi huo haupo. Leo mko pamoja mahali pa hifadhi, kesho mmoja amepata lori la kwenda Nampula, mwingine amerudi kijijini, mwingine amefuata ndugu zake Mueda. Mashine itakufa mahali ambapo fundi hajulikani. Hakuna atakayerudi kumdai. Hesabu ya faida na hasara inamwambia fundi kwamba udanganyifu wake hautamgharimu kitu.

Wengine husema ndiyo maana maadili hulegea kambini, na tuvumiliane. Mimi naona kinyume. Mahali ambapo uaminifu unalipa, hatuwezi kujua kama mtu ni mwaminifu au ni mfanyabiashara mwerevu. Mahali ambapo haulipi ndipo unapoonekana wenyewe, bila nguo ya kuazima. Na ndipo unapohitajika zaidi. Aliyekimbia ameshapoteza njia zake zote za kuhakikisha: hamjui fundi, hawajui jamaa zake, hana wa kumuuliza, pengine hata lugha ya mahali hajaizoea. Amebakiwa na neno la mtu aliye mbele yake. Kumdanganya mtu wa namna hiyo ni kumpora kitu cha mwisho alichovuka nacho, yaani uwezo wa kumwamini mgeni. Na huo akiupoteza, hasara haiishii kwa fundi mmoja. Wakija wa kumpa chanjo hataamini, wakija wa kumwandikia mtoto shule hataamini.

NA SISI WATEJA?

Ingekuwa rahisi kuishia hapa, fundi akabaki mkosaji na sisi tukaenda nyumbani tukiwa safi. Haitakuwa haki. Fundi naye amekimbia. Ana watoto, ana bisibisi mbili na pamba. Tufikirie siku yake. Mteja analeta mashine. Fundi anatumia nusu saa kutafuta, anagundua kwamba ni CD chafu, anaifuta, inalia. Anasema ukweli: "Mashine yako nzima, ilikuwa uchafu tu." Mteja anacheka, anasema, "Kumbe hakuna kitu!" Anachukua mashine yake na kuondoka bila kulipa, au anaacha sarafu ya kumbembeleza.

Siku ya pili analetewa nyingine. Safari hii anazungusha skrubu, anatikisa kichwa, anasema jicho lilikuwa limekufa na amelifufua. Mteja anatoa meticais bila kunung'unika.

Nani amemfundisha fundi huyu kusema uongo? Tumemfundisha sisi. Tunalipia kifaa na hatulipii ujuzi. Tunalipia ugonjwa mkubwa na hatulipii habari njema. Nusu saa ya kutafuta ni kazi ileile, kosa likionekana dogo au kubwa, na yule aliyekwambia kwamba hakuna haja ya gharama amekufaa kuliko aliyekutafutia gharama. Jamii inayotaka mafundi wakweli ni lazima iulipe ukweli, hata unapokuja mikono mitupu. Kama fedha hakuna, na mara nyingi hakuna, upo unga, upo muhogo, ipo samaki, upo mkono wa kumsaidia kufunga turubai lake.

Wala si kwa mafundi wa redio tu. Mganga anayekwambia mtoto wako anahitaji maji ya chumvi na sukari wala si sindano, mlipe. Fundi cherehani anayekwambia gauni hili litashika kiraka, halihitaji kitambaa kipya, mlipe. Kiongozi anayesema wazi kwamba majina yameisha kwenye orodha na hana la kufanya, msikilize kwa heshima kuliko yule anayeahidi kila siku. Tukiwakasirikia wanaotwambia ukweli mdogo, tutazungukwa na wanaotuuzia uongo mkubwa.

Kwa hiyo ukipeleka mashine yako kwa fundi, muulize mambo manne, kwa adabu, bila kumshuku. Umeijaribu na CD nyingine? Umesafisha jicho na reli? Umegusa nguvu ya leza, na kama umeigusa, itakaa? Na kazi yako ya kutafuta ni kiasi gani, hata kama kosa ni dogo? Swali la nne usilisahau, kwa kuwa ndilo linalompa nafasi ya kuyajibu yale matatu kwa ukweli.

Na mashine ikilia, usingoje Krismasi. Tafuta kijana mwenye simu na kadi, au mwenye kompyuta, uzihamishe sauti zile siku hiyohiyo, uweke nakala mbili katika nyumba mbili tofauti. Leza zote huzeeka, hata zile ambazo hakuna aliyezilazimisha.